Kukomboa kwa Wimbo: Historia ya "Messiah" ya Handel

Wapenzi wa ushairi wa mwambao wanalifahamu vyema neno kukomboa. Mtu aliyeweka rehani shamba lake au kidani cha mkewe hukikomboa pindi alipapo deni. Mtumwa, zama za utumwa, aliweza kukombolewa kwa fedha akawa huru. Na katika lugha ya dini, kwa Wakristo hasa, Mkombozi ni yule aitoaye roho ya mja katika madhila. Maana hizi tatu, yaani ya deni, ya utumwa na ya imani, zimekutana katika historia ya kazi moja ya muziki iliyotungwa London mwaka 1741 na kuimbwa kwa mara ya kwanza mjini Dublin, Ayalandi, tarehe 13 Aprili 1742. Kazi hiyo ni "Messiah", yaani Masihi, ya George Frideric Handel. Makala haya yanakusudia kueleza namna ilivyotungwa na ilivyopokewa, nani alikombolewa kwa fedha zake, na vilevile nani hakukombolewa.

Mtungaji na zama zake

Handel alizaliwa Halle, Ujerumani, tarehe 23 Februari 1685, mwaka ule ule aliozaliwa Johann Sebastian Bach. Baba yake alikuwa kinyozi na mpasuaji, na alitamani mwanawe asome sheria. Kijana akashika kinanda. Kati ya 1706 na 1710 aliishi Italia, ambako alijifunza sanaa ya opera, kisha akahamia London, na mwaka 1727 akapewa uraia wa Uingereza. Kwa muda wa miaka 30, tangu 1711, riziki yake kubwa ilikuwa ni opera za Kitaliano zilizochezwa mbele ya mabwana na mabibi wa London, wengi wao wakiwa hawaijui lugha inayoimbwa. Soko hilo likanyauka. Opera yake ya mwisho, "Deidamia", ilichezwa mara tatu tu mwanzoni mwa 1741. Mtungaji alikuwa na umri wa miaka 56, na miaka minne kabla alikuwa amepatwa na kiharusi kilichoulemaza mkono wake wa kulia kwa muda.

Badala ya opera, Handel aliigeukia oratorio. Huu ni utanzu wa muziki mrefu wa kidini, unaoimbwa na waimbaji mmoja mmoja na kwaya kwa kufuatana na okestra, bila ya maigizo, bila ya mavazi ya jukwaani wala mapazia. Waimbaji husimama mbele ya watu na kuimba, basi. Ni utanzu wa zama ambazo wanahistoria wa muziki wa Ulaya huziita Baroko, takriban kati ya 1600 na 1750, zama zilizopenda pambo la sauti, mashindano kati ya sauti moja na sauti nyingi, na muziki ulioyatii maneno.

Mshairi asiyetunga ubeti

Maneno ya "Messiah" hayakutungwa na Handel. Yalikusanywa na Charles Jennens, bwana shamba wa Gopsall katika jimbo la Leicestershire, aliyezaliwa mwaka 1700 na kufariki 1773. Ukoo wake ulitajirika kwa chuma cha Birmingham. Jennens alikuwa miongoni mwa watu waliokataa kula kiapo cha utii kwa wafalme wa ukoo wa Hanover, kwa kuwa dhamiri yake iliamini kwamba ufalme wa haki ni wa ukoo uliopinduliwa. Kwa sababu hiyo hakuweza kushika wadhifa wa serikali. Mali alikuwa nayo, elimu alikuwa nayo, lakini milango ya madaraka ilifungwa mbele yake. Akaelekeza nguvu zake kwenye vitabu, picha na muziki.

Mwaka 1728 mdogo wake, Robert, alijiua. Kabla ya hapo kijana huyo alikuwa ameingiwa na shaka ya dini baada ya kuandikiana barua na mtu wa kundi la wanafikra walioamini kwamba Mungu aliuumba ulimwengu kisha akauacha ujiendeshe, wala hapeleki ufunuo wala mwokozi. Watafiti wengi wa maisha ya Jennens wanauona msiba huu nyuma ya kazi yake. Kwa wanafikra wale, utabiri wa manabii ulikuwa ni hadithi tu. Jennens akakaa kuuthibitisha utabiri huo, na akaufanya kwa njia isiyotarajiwa: hakuandika risala ya mabishano, bali alipanga maneno ya kuimbwa.

Hakutunga hata ubeti mmoja. Alichofanya ni kuchagua aya kutoka kwenye Biblia ya Kiingereza ya 1611 na Zaburi za kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza, akaziunganisha katika sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni bishara na kuzaliwa. Ya pili ni mateso, kufa, kufufuka na kuenea kwa habari njema. Ya tatu ni ufufuo wa wafu na ushindi dhidi ya mauti. Isaya, Zaburi, Malaki, Hagai, Zekaria, Ayubu, Luka, waraka wa kwanza kwa Wakorintho na Ufunuo wote wamo, wakiitana na kujibizana kama watu wa baraza moja.

Je, mtu wa namna hii ni mshairi? Swali hili lina haki ya kuulizwa mbele ya wasomaji wa mashairi. Jibu linapatikana tukitazama alichokiacha. Katika kazi nzima hakuna msimulizi. Masihi mwenyewe hasemi. Kisa cha kuzaliwa hakisimuliwi isipokuwa kwa kipande kifupi cha wachungaji na malaika kutoka Luka. Kusulubiwa hakuelezwi kwa matukio, kunaashiriwa kwa maneno ya manabii waliotangulia kwa karne kadhaa. Palipo na "mimi" katika aya ya asili, Jennens mara nyingine aliweka "yeye", ili aliyeteswa azungumziwe na wengine wala asijisemee. Kuchagua, kukata, kupanga na kubadili kiwakilishi kimoja ili maana yote igeuke ni kazi ya mtu anayeujua uzito wa neno. Ndiyo kazi ya mshairi, hata kama wino wa maneno ni wa wengine.

Siku 24

Katika barua aliyomwandikia rafiki yake Edward Holdsworth tarehe 10 Julai 1741, Jennens alieleza tumaini lake kwamba Handel angezitia muziki aya alizozikusanya, na kwamba angetumia kipaji chake chote, kwani hakuna maudhui yaliyo makubwa kuliko hayo. Handel alianza kazi tarehe 22 Agosti nyumbani kwake Brook Street, London. Sehemu ya kwanza aliimaliza tarehe 28 Agosti, ya pili tarehe 6 Septemba, ya tatu tarehe 12 Septemba, na siku mbili baadaye alikuwa amekwisha kujaza sehemu za ala. Zilikuwa siku 24 kwa kurasa 259 za mkono wake, ambazo leo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza.

Wengi wameifanya kasi hii kuwa muujiza. Kwa kweli ilikuwa ni desturi yake. Alitunga kwa haraka wakati wa kiangazi, majira ambayo kumbi za London zilikuwa zimefungwa, na mara tu baada ya "Messiah" alianza oratorio nyingine, "Samson". Wala hakuanza na mikono mitupu. Mwezi wa Julai mwaka ule ule alikuwa ametunga nyimbo za Kitaliano za sauti mbili, maneno yake yakiwa ya mapenzi: mpenzi anamlalamikia mungu wa mahaba kwamba haaminiki tena. Mahadhi ya nyimbo hizo aliyahamishia kwenye "Messiah", na kutokana nayo kwaya inayoshangilia kuzaliwa kwa mtoto ikapata sauti zake. Msikilizaji wa taarabu hatashangaa. Mahadhi ya sinema za Kihindi yamevishwa maneno ya Kiswahili mara nyingi, na wimbo ukawa mwingine kabisa. Mahadhi ni chombo. Kinachobebwa ndani yake ndicho kinachokipa jina.

Namna muziki unavyoyatii maneno ndipo penye ladha zaidi kwa mpenzi wa ushairi. Isaya anaposema kwamba mabonde yatainuliwa, sauti ya mwimbaji inapanda kwa mlolongo mrefu wa noti kama mtu apandaye kilima. Inapotajwa njia iliyopotoka, sauti inayumba baina ya noti mbili, huku na huko. Inapotajwa njia iliyonyooshwa, sauti inasimama mahali pamoja na kutulia. Kwaya inayozungumzia kondoo waliopotea inaanza kwa furaha tele. Sauti zinatawanyika kila moja upande wake, zinacheza, zinajizungusha, kama kwamba upotevu una raha. Kisha mwishoni, bila ya onyo, mwendo unakuwa wa taratibu na sauti zinazama katika huzuni, pale zinapomtaja aliyebebeshwa makosa ya wote. Msikilizaji aliyekuwa akitikisa kichwa kwa furaha anajikuta ameguswa ubavuni.

Handel alikuwa bahili wa ala. Uti wa mgongo wa okestra yake ni fidla na jamaa zake, pamoja na kinanda. Matarumbeta yanasikika kwa mara ya kwanza katika wimbo wa malaika, nayo yameagizwa yapigwe kana kwamba yako mbali. Ngoma haziguswi mpaka mwisho wa sehemu ya pili, katika kwaya ya "Haleluya", na zinarudi tena mwisho wa kazi nzima. Mtu anayekaa kwa saa nzima na zaidi bila ya kusikia ngoma, kisha zikapigwa, huelewa kwa nini kwaya hiyo imeshika nyoyo za watu kwa zaidi ya miaka 280. Nguvu yake haitokani na kelele tu, inatokana na kungoja.

Dublin: wafungwa 142

Handel alialikwa Dublin na mwakilishi wa mfalme katika Ayalandi, William Cavendish, mtawala wa tatu wa Devonshire. Aliwasili tarehe 18 Novemba 1741, na kwa miezi kadhaa akafanya maonyesho katika ukumbi mpya wa muziki wa Fishamble Street. Ukumbi huo ulikuwa wa jumuiya ya muziki na sadaka ambayo kazi yake ilikuwa ni kuwatoa gerezani watu waliofungwa kwa madeni.

Hapa inafaa kueleza hali ya mambo. Sheria ya zama hizo ilimruhusu mdai kumfunga mdaiwa mpaka alipe. Akiwa ndani, mdaiwa hakuweza kufanya kazi, na juu ya hayo alidaiwa gharama za kifungo na mlinzi wa gereza. Deni likawa linazaa deni. Mtu aliweza kuingia kwa kiasi kidogo na kukaa miaka kwa sababu ya hicho kidogo. Kwa wafungwa wa namna hii, kukombolewa kulikuwa ni jambo la shilingi na senti kabla ya kuwa jambo la mimbari.

Onyesho la "Messiah" lilitangazwa kuwa ni kwa ajili ya mashirika matatu: mfuko wa wafungwa hao, hospitali ya Mercer, na zahanati ya sadaka ya mjini. Waimbaji wa kwaya walitoka katika makanisa makuu mawili ya Dublin, St Patrick's na Christ Church. Mkuu wa kanisa la St Patrick's alikuwa Jonathan Swift, mwandishi wa "Gulliver's Travels", ambaye kwa wakati huo alikuwa mzee na akili yake imeanza kumtoka. Mwezi wa Januari alikataza waimbaji wake wasishiriki katika mambo ya kumbi za muziki. Hatimaye ruhusa ilipatikana.

Watu walikuwa wengi kuliko nafasi. Magazeti yaliwaomba mabibi waje bila ya vile vitanzi vya kutanua magauni, na mabwana waje bila ya panga zao kiunoni, ili ukumbi wa watu 600 uweze kuchukua 700. Kiingilio kilikuwa nusu gini, yaani shilingi 10 na senti 6 za zama hizo. Zilipatikana pauni 400 hivi, na kila shirika likapata takriban pauni 127. Kwa fungu hilo la wafungwa, watu 142 walitolewa gerezani.

Tugawanye hesabu hii. Pauni 127 kwa watu 142 ni wastani wa shilingi 18 kwa kila mmoja. Tiketi mbili za onyesho zilikuwa na thamani ya shilingi 21. Yaani bwana mmoja na mkewe, kwa gharama ya kukaa mchana mmoja wakisikiliza muziki, walilipa zaidi ya kile kilichomfungia mtu mlango wa gereza. Hesabu hii inausifu ukarimu wa Dublin, na papo hapo inaishitaki Dublin. Mji uliowatoa watu 142 kwa wimbo ndio uliokuwa umewafunga kwa shilingi 18.

Mwanamke aliyedharauliwa

Miongoni mwa waimbaji wa siku ile alikuwapo Susannah Cibber. Alikuwa mwigizaji zaidi kuliko mwimbaji. Inaelezwa kwamba hakuweza kusoma noti vizuri na kwamba Handel alimfundisha nyimbo zake kwa uvumilivu mkubwa. Lakini watu walimjua kwa jambo jingine. Mwaka 1738 mumewe, mwigizaji Theophilus Cibber, alimshitaki mahakamani bwana William Sloper kwa kuzini na mkewe, akidai fidia ya pauni 5,000. Ushahidi ulionyesha kwamba mume mwenyewe ndiye aliyemfungulia bwana huyo mlango, kwa tamaa ya fedha zake. Mahakama ikampa pauni 10 tu. Hata hivyo, kama ilivyo ada ya walimwengu, aibu haikumwangukia aliyeuza, ilimwangukia aliyeuzwa. Mambo yote ya chumbani yalichapishwa na kusomwa mjini London. Bibi huyo akatoweka jukwaani, na mwaka 1741 akaja kuigiza Dublin.

Handel alimpa wimbo wa Isaya unaomhusu mtu aliyedharauliwa na kukataliwa na watu, mtu wa huzuni. Ni wimbo wa taratibu, wenye vituo vya kimya ndani yake, mahali ambapo sauti inakatika na fidla zinajibu kidogo, kama kwamba mwimbaji amekosa pumzi ya kuendelea. Waliokuwapo walimjua nani anaimba na wameshasoma nini juu yake. Inasimuliwa kwamba kasisi mmoja, Patrick Delany, alisimama ukumbini na kupaza sauti akimwambia kwamba kwa wimbo ule dhambi zake zote zisamehewe. Kasisi alikuwa na nia njema. Lakini tunaweza kuuliza, kwa adabu, ni nani hasa katika kisa kile aliyehitaji kusamehewa.

London, na watoto wa barabarani

London haikuipokea kazi hii kwa ukunjufu wa Dublin. Ilipoonyeshwa Covent Garden tarehe 23 Machi 1743, tayari gazetini palikuwa na mabishano: je, yafaa maneno matakatifu yaimbwe katika nyumba ya michezo, na vinywa vya waigizaji? Kwa tahadhari, matangazo hayakulitaja jina la Masihi, yalisema tu kwamba ni oratorio mpya takatifu. Naye Jennens hakuridhika. Alilalamika kwamba Handel ameharakisha kazi iliyostahili mwaka mzima, na baada ya mzozo mtungaji alikubali kurekebisha baadhi ya sehemu.

Kilichoiinua "Messiah" machoni mwa London ni sadaka nyingine. Nahodha mmoja mstaafu, Thomas Coram, alikuwa amechoka kuona watoto wachanga wametupwa kando ya barabara za mji. Baada ya kuhangaika kwa miaka, alipata hati ya mfalme mwaka 1739, na mwaka 1741 makao yake ya kulelea watoto, Foundling Hospital, yakapokea watoto wa kwanza. Mahitaji yalizidi nafasi, hata ikabidi akina mama wapige kura kwa kuchomoa mpira kutoka kwenye mfuko: mweupe, mtoto anapokewa; mwekundu, asubiri; mweusi, arudi naye. Mama aliyepokelewa mtoto aliacha kipande cha kitambaa au kitu kidogo cha ukumbusho, ili siku akijaliwa kurudi kumkomboa amtambue.

Tarehe 1 Mei 1750 Handel aliimbisha "Messiah" katika kanisa la makao hayo, na watu wengi wakakosa nafasi hata ikarudiwa tarehe 15 Mei. Tangu hapo ikawa ni desturi ya kila mwaka. Maonyesho hayo yaliingiza karibu pauni 7,000 kwa ajili ya watoto. Handel alipopofuka aliendelea kuyahudhuria, na katika wasia wake aliyaachia makao hayo nakala ya kazi yote. Alihudhuria "Messiah" kwa mara ya mwisho tarehe 6 Aprili 1759 na kufariki tarehe 14 mwezi huo huo.

Daftari jingine

Hadi hapa ni habari ya kupendeza, na kwa muda mrefu ilielezwa ikaishia hapa. Lakini katika miaka ya 2010 mtafiti David Hunter alionyesha jina na saini ya Handel katika vitabu vya hisa vya Royal African Company, vya miaka ya 1720. Kampuni hii, iliyopewa hati mpya na mfalme mwaka 1672, iliwasafirisha watumwa wa Kiafrika kutoka pwani ya Afrika Magharibi kwenda visiwa vya Karibi na Amerika, na baadhi yao walipigwa chapa za moto miilini. Tangu 1716 Handel alikuwa pia na hisa katika South Sea Company, ambayo kwa mkataba wa 1713 ilipata haki ya kupeleka watumwa katika makoloni ya Uhispania. Kwa hesabu za Hunter, karibu theluthi ya wafadhili wa kampuni ya opera ambayo Handel aliitungia walikuwa na hisa katika Royal African Company.

Tuwe waadilifu. Kati ya hisa hizo na "Messiah" imepita miaka 20 hivi, wala hakuna haki ya kusema kwamba oratorio hii ilitungwa kwa fedha hizo hasa. Ila haiwezekani tena kusimulia habari ya mtungaji aliyewakomboa wafungwa 142 tukanyamaza kuhusu daftari ambalo ndani yake binadamu walikuwa ni bidhaa, na yeye ni mmoja wa wenye faida. Mtu mmoja alitia mkono katika vitabu viwili. Katika kimoja deni lilifutwa. Katika kingine deni lilifunguliwa, na walioliandikiwa hawakuwa wamekopa chochote.

Msomaji wa visiwani ana sababu ya kuisoma habari hii kwa macho makini. Mkunazini, Unguja, kanisa kuu la Waanglikana lilianza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, mwaka ule ule Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga. Sisi twajua kwamba mahali pa kusali na mahali pa kuuzia watu huweza kuwa kiwanja kimoja, na kwamba kujenga juu yake hakufuti kilichotangulia. Kunatulazimisha kukikumbuka.

Hata Uingereza alikuwapo mtu aliyeliona hili kwa jicho la mtu wa ndani. John Newton, aliyewahi kuwa nahodha wa meli za watumwa kisha akawa kasisi wa London, alitoa mfululizo wa hotuba 50 juu ya aya za "Messiah", zilizochapishwa mwaka 1786. Alichukizwa na watu walioisikiliza kwa starehe tu. Aliwafananisha na wafungwa wanaongoja hukumu ambao wameyatia mahadhi mashitaka yao wenyewe na kuyafanya burudani. Mwaka 1788 akachapisha ushahidi wake dhidi ya biashara ya watumwa aliyoifanya kwa mikono yake.

Wimbo baada ya mtungaji

Baada ya Handel kufa, kazi yake ilinenepa. Katika kumbukumbu ya 1784 kwenye Westminster Abbey waimbaji na wapigaji walifika takriban 500. Mwaka 1789 Mozart aliiongezea ala kwa onyesho la Kijerumani mjini Vienna. Mwaka 1859, miaka 100 tangu kifo chake, kwaya ya Crystal Palace ilikuwa na zaidi ya waimbaji 2,700. Ni katika karne ya 20 ndipo wanamuziki waliporejea kwenye kundi dogo la kiasi cha Dublin, na maneno yakaanza kusikika tena.

Ipo pia desturi ya kusimama wakati wa "Haleluya". Husemwa kwamba Mfalme George wa Pili aliinuka kwa kuguswa, na watu wote wakainuka naye. Hakuna ushahidi wa wakati ule. Kisa hicho kimetajwa mara ya kwanza katika barua ya 1780, miaka 37 baada ya onyesho la London. Lakini watu wameendelea kusimama, mfalme awe alisimama au hakusimama. Mwenye kuhudhuria Maulidi katika mwambao huu, akafika pahala pa kiamu, hahitaji kuelezwa kwamba kusimama pamoja ni namna ya kusema jambo ambalo mdomo peke yake hautoshi kulisema.

Kwaya za Tanzania na Kenya huiimba "Haleluya" kwa Kiswahili, wakati wa Krismasi na Pasaka, mara nyingi kwa kinanda kimoja bila ya tarumbeta wala okestra. Nasi twaweza kuisikiliza, kila mtu na dini yake, tukiyajua yote mawili: kwamba siku moja ya Aprili wimbo huu uliwafungulia mlango watu 142, na kwamba wako wengine, watu wa bara letu, ambao mlango wao haukuwahi kufunguliwa na aliyeutunga. Neno lao ni moja katika Kiswahili. Aimbaye habari za ukombozi ana wajibu wa kuuliza ni nani bado yumo rehani.